Chui wa Karatasi



Nyumbani kwetu Buhene, yaya wangu alikuwa na neno moja alilolitoa kwenye somo la Kifaransa: chui wa karatasi. Mtu mwenye kelele nyingi bila nguvu, yeye alimwita hivyo. Hata mulima wetu Nyiragongo aliuita hivyo, juu tangu 2002 ulikuwa unatoa moshi na mwanga tu. Sisi wadogo tulicheka sana.

Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu kuliko siku zote. Yaya akasema: «Musiogope, ni chui wa karatasi tu.» Koko, aliyekimbia 1977 na tena 2002, hakubishana naye. Alibeba mtoto mgongoni akasema: «Simameni, twende.» Tulitembea usiku kucha, na kesho yake tukafika Sake. Tuliporudi, nyumba haikuwako tena. Kulikuwa mawe meusi tu, yangali na joto.

Nyuma ya hapo nilitaka kujua neno lile lilitoka wapi. Niliuliza walimu, nikasoma. Ni neno la Wachina: zhilaohu. Mwingereza John Francis Davis aliliandika katika kitabu chake juu ya Wachina, mwaka 1836: ndivyo wanavyomwita mtu wa majivuno asiyeweza kudhuru. Lakini aliyelitangaza katika dunia nzima ni Mao Zedong. Mwezi wa 8 mwaka 1946, huko Yan'an, alizungumza na Anna Louise Strong, mwandishi wa habari wa Marekani. Kwanza mfasiri alilitafsiri kama ile sanamu ya matambara ya kutisha ndege shambani. Mao akamkatiza: hapana, chui wa karatasi ni wa kutisha watoto; mvua ikinyesha, analowa na kuharibika. Akasema hata bomu la atomiki ni chui wa namna hiyo.

Hapo niliacha kusoma kidogo. Mwaka mmoja tu mbele ya maneno hayo, bomu lilianguka Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa hapa kwetu, Shinkolobwe, katika Katanga. Watu waliokufa hawakuuawa na karatasi.

Tena nikaona kwamba mwaka 1958 Mao mwenyewe aliongeza jambo: chui hao wana pande mbili. Ni wa karatasi, lakini pia ni wa kweli, na wamekula watu.

Basi yaya wetu alikuwa amejifunza nusu ya neno. Nusu ya pili ilikuwa kwa koko, asiyejua kusoma.

Sasa nasikia wakubwa wetu wa darasa la sita wakisema kwamba Examen d'État ni chui wa karatasi. Ni kweli, wandugu, karatasi ipo. Lakini ulizeni kwanza wale waliokutana naye mwaka jana.