Chumvi Kizingitini mwa Msikiti

Alfajiri ya siku yetu ya pili mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, tulitoka na wenyeji wetu kwenda kusali. Ulikuwa mwezi wa Januari. Mtaa tuliofikia unaitwa Cedar-Riverside, mtaa wa maghorofa marefu wanamoishi Wasomali wengi na Waafrika Mashariki wengine, na mto Mississippi haupo mbali nao. Mtu huufikia kwa miguu. Njia yote ilikuwa nyeupe. Mtoto wetu mdogo, ambaye hakuwahi kuiona theluji tangu azaliwe, aliokota punje nyeupe kizingitini mwa msikiti, akaitia ulimini kabla hatujamzuia, kisha akaitema.

"Mama, hii chumvi!"

Kweli ilikuwa chumvi. Ilikuwa imetapakaa juu ya ngazi, imejikusanya kwenye pembe za ukuta, imeingia ndani penye rafu za viatu, na ukingoni mwa zulia ilikuwa imeacha mstari mweupe kama ule uachwao na jasho kwenye nguo nyeusi. Sisi tuliolelewa na mama wa Kipemba tumeiona chumvi ikikaushwa juani kutokana na maji ya bahari, ikikusanywa, ikitiwa magunia na kubebwa. Hatukuwahi kuiona ikikanyagwa.

Mtunzaji wa msikiti ule ni mzee wa Kisomali aliyekulia Garissa. Tulipomwamkia shikamoo alisimama kidogo, akacheka, akasema kuwa ni muda mrefu hajaisikia. "Marahaba, wanangu. Hiyo ni kazi ya vijana wetu. Wana huruma nyingi, lakini mkono wao hauna kipimo."

Baada ya sala alitusimulia chanzo chake. Majira ya baridi yaliyotangulia, mzee mmoja wa jamaa aliteleza kwenye ngazi zile zile akavunjika nyonga. Hadi leo anasali juu ya kiti. Kamati ikaamuru chumvi imwagwe kila siku, iwe theluji imeanguka au haikuanguka. Magunia yakanunuliwa. Bawaba za mlango zikaanza kuota kutu, nyasi za pembeni zikakauka, na kila Ijumaa zulia likawa la kuoshwa. Hakuna aliyelalamika, kwani nani angetaka mzee mwingine aanguke?

"Lakini siku ile aliyoanguka," mtunzaji akasema, "chumvi ilikuwepo. Niliimwaga mimi mwenyewe."

Jambo hilo lilimkosesha usingizi mpaka akahudhuria mafunzo yanayotolewa na idara ya jimbo inayodhibiti uchafuzi wa mazingira, kwa watu ambao kazi yao ni kusafisha njia wakati wa baridi. Huko ndiko alikojua kosa lilipokuwa. Chumvi huyeyusha barafu kwa kuchanganyika na unyevu mwembamba ulio juu yake, na maji yenye chumvi huhitaji baridi kali zaidi ili yagande kuliko maji matupu. Kwa hiyo inahitaji unyevu, na inahitaji muda. Ardhi ikishapoa kupita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, hata mtu akadhani haifanyi chochote. Asubuhi ile ya msiba baridi ilikuwa zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Chumvi ilikaa juu ya barafu kama changarawe juu ya kioo, na mzee akaikanyaga kwa kuiamini.

Tangu hapo mtunzaji hutangulia na sepetu. Theluji huondolewa mapema, kabla haijakanyagwa ikashikamana na ardhi. Barafu iliyobaki hukwanguliwa kwa chuma. Baridi ikizidi humwagwa mchanga, ambao hauyeyushi kitu lakini huupa mguu pa kushika. Chumvi hutolewa mwisho, kwa kikombe. Alituonyesha kikombe chenyewe, kile kikubwa cha kahawa wanachopenda Wamarekani. Kimoja kikijaa hutosha njia ya gari ya mita 6 hivi, nazo punje zapaswa kuachana, zisirundikane.

Siku ya tatu mwenyeji wetu alitupeleka Powderhorn, ziwa dogo katikati ya bustani upande wa kusini wa mji. Lilikuwa limeganda kabisa. Bustani ile ni kama bakuli, mitaa imeizunguka kwa juu, na ziwa lipo chini. Si ziwa la kutazama na kulihuzunikia. Watoto walikuwa wakiteleza kwa vibao mtelemkoni na kupiga kelele. Hata hivyo Powderhorn limo katika orodha ya maziwa ya jimbo yaliyozidiwa na kloraidi, yaani ile sehemu ya chumvi isiyoondoka majini. Sheria ya Minnesota imeweka mpaka wa miligramu 230 kwa lita, kwa ajili ya samaki na viumbe wadogo. Theluji ikiyeyuka, maji ya mitaa huingia mifereji na kufika maziwani, vijitoni na mtoni bila kusafishwa. Maji ya chumvi ni mazito, basi huzama na kutulia chini, na huko huweza kuyazuia maji ya ziwa yasijigeuze kama ilivyo desturi yake, nayo hewa isifike chini.

Idara ile hutoa mfano ambao mama yeyote wa nyumbani ataufahamu: kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kuharibu galoni 5 za maji, ambazo zinakaribia ndoo yetu ya lita 20. Kuitoa tena si kwa kuchuja wala kwa kuchemsha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikadiria kuwa takribani asilimia 70 ya chumvi inayomwagwa katika eneo la Minneapolis na Saint Paul haiondoki na mto. Hubaki katika udongo, maziwa na maji ya chini ya ardhi. Marekani imekuwa na desturi hii kwa upana tangu miaka ya 1940 tu, lakini udongo ule unahifadhi akiba ya miaka yote hiyo.

Usiku ule, baada ya Isha, tuliketi nyuma wakati kamati ikijadili jambo lenyewe. Mdhamini mmoja, mtu mzima mwenye heshima, alipinga kupunguza chumvi. Alisema kuondoa chenye kudhuru njiani ni jambo tulilofundishwa tangu madrasa, kisha akamalizia: "Samaki hawasali hapa. Wanaosali hapa ni wazee wetu."

Tukiri kwamba neno lile lilitugusa. Sisi nasi tuna wazazi wenye magoti mabovu. Mtunzaji hakubishana naye kuhusu samaki. Alisema, "Mzee wetu alianguka juu ya chumvi, ndugu yangu. Nipe vijana wawili wa sepetu kila alfajiri, na gunia nitakalomaliza kwa mwezi badala ya wiki." Kimya kikapita. Vijana watatu wakanyoosha mikono. Mdhamini akakubali kwa sharti kwamba ngazi zitakaguliwa kabla ya kila sala, naye atakuwa mkaguzi. Tuliona sharti hilo ni bora kuliko hoja zote zilizotangulia.

Siku mbili baadaye ikanyesha mvua ile ambayo watu wa huko huiogopa kuliko theluji: huanguka maji, na ikigusa ardhi hugeuka kioo. Baridi haikuwa kali. Tulipofika kabla ya adhana, mtunzaji alikwisha kumwaga chumvi yake, tena bila kusita, na ngazi zilikuwa na maji badala ya barafu. Mdhamini alikuwa amesimama pale na tochi, akiwashika wazee mkono mmoja mmoja. Usiku kama huo, mtunzaji alisema, chumvi haina mbadala. Ndiyo maana haipaswi kuchezewa siku nyingine.

Jua likatoka mchana, njia ikakauka. Mtoto wetu alipewa ufagio mdogo na kizoleo, akaenda ngazi kwa ngazi akikusanya punje zilizobaki na kuzirudisha katika ndoo. Hii nayo ni sehemu ya kazi, kwani punje ikibaki pakavu haimlindi mtu, nayo husubiri maji ya kuipeleka mferejini. Alijaza nusu kikombe, akamwonyesha mzee. Mzee akakipima kwa jicho, akakimimina ndani, akafunika ndoo.