Taa za tablo zilififia, tukabaki njiani usiku

Leo sileti habari za mkutano wala za bei ya maharagwe sokoni. Nawaelezea kosa langu mwenyewe, maana naamini wenye magari ya zamani hapa Butembo wengi wanaishi nalo bila kujua.

Marehemu baba aliniachia Volkswagen 1300 ya mwaka 1970, ile tunayoita Coccinelle, injini nyuma na buti mbele. Mbele ya dereva kuna saa moja kubwa ya duara inayoonyesha mwendo, na ndani yake kuna mshale wa mafuta. Ampuli ndogo zinaimulika usiku. Miaka ilivyopita, mwanga wake ulipungua kidogo kidogo. Taa ikizimika ghafla unashtuka, lakini ikififia polepole macho yanazoea. Mimi nilikuwa nikiendesha usiku kwa kukisia, na sikuona shida.

Mwisho wa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Nyumbani kwetu tulipokea familia ya watu saba kutoka Kirumba. Wiki sita baadaye, saa nane ya usiku, mama wa familia ile akashikwa na uchungu. Saa hizo hakuna pikipiki. Nikawasha gari, yeye na binti yake mkubwa wakakaa nyuma, baba akabaki na watoto wadogo.

Nilitazama mshale wa mafuta, nikaona giza tupu. Nikajiambia: mafuta yapo. Hayakuwepo. Gari likazimika kwenye kipando, na wauza mafuta wa bido, wale kadafi wetu, walikuwa wamelala zamani. Mama akashuka akatembea kwa miguu, akisimama kila uchungu ulipomkamata, binti yake akimulika njia kwa simu, mimi nikimshika mkono. Tulifika kituo cha afya. Alijifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikulala.

Asubuhi nikafanya kosa la pili. Nikanunua ampuli zenye nguvu zaidi, nikaziweka. Ile saa ikaanza kupata moto hata ukiigusa unasikia, na mwanga ukabaki hafifu vilevile. Baba wa mtoto alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, ananitazama. Mwishowe akasema kwa upole:

«Papa, mfereji ukiziba, hauzibuki kwa kuongeza maji.»

Ndipo nikajua kwamba huko Kirumba alikuwa fundi wa redio na wa umeme wa magari. Vyombo vyake vyote vilibaki nyuma. Alikuwa amelala kwangu wiki sita, na sikuwahi kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani.

Tuliazima bisibisi kwa jirani. Kwanza akatoa waya wa batri, ambayo kwenye gari hili iko chini ya kiti cha nyuma. Alinionyesha pia kwamba kifuniko chake hakipo: springi za kiti zikigusa batri, gari linaweza kuwaka moto. Tukakata kipande cha mpira tukaifunika.

Kisha akaanza na kitufe cha kuwashia taa. Kwenye Coccinelle ya miaka ile, ukikivuta taa zinawaka, na ukikizungusha mwanga wa tablo unaongezeka au unapungua. Ndani yake kuna waya uliokunjwa ambao unashika kutu. Akakizungusha huku na huku mara nyingi. Halafu akatoa fizibo moja moja, akasugua vibati vinavyozibana. Moja nilikuwa nimeifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Akaitupa. Fizibo inakatika ili waya usiungue. Ukiiziba hivyo, umeondoa mlinzi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa nyuma ya saa. Tulifungua buti la mbele, tukatoa kadibodi, tukaiona mgongo. Akarudisha batri, akawasha taa, akachukua kipande cha waya: ncha moja kwenye bati la saa, ncha nyingine kwenye chuma cheupe cha bodi. Mwanga ukaruka! Umeme ulikuwa unaingia vizuri, lakini njia yake ya kurudi, ile mafundi wanaita masi, ilikuwa imezibwa na kutu. Ukungu na mvua za huku kwetu zinajulikana.

Akatoa batri tena, akasugua maungio kwa msasa mpaka yakang'aa, akakaza, akarudisha ampuli ndogo za kawaida. Kazi haikufika nusu siku, na hatukununua hata kifaa kimoja.

Tena akanifundisha jambo moja la kuangalia kila safari. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya dinamo lazima iwake. Isipowaka, huenda ampuli imekufa. Na ikiwaka ukiwa njiani, simama mara moja: mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini. Ukikatika na wewe ukaendelea, injini inaungua.

Nilimlipa kama ninavyomlipa fundi yeyote. Jirani mwenye bisibisi akamwita kwa gari lake, kisha mwingine. Leo ana meza ndogo pembeni ya barabara na vyombo vitatu vyake mwenyewe.

Wenye magari ya zamani, kaguweni masi kabla ya kununua ampuli. Na ninyi mliopokea wageni, waulizeni walikuwa wakifanya kazi gani kwao. Mimi nilichelewa wiki sita, na mama mmoja alilipa kwa miguu yake.