Bure Niliyoiuza Newala

Mzigo huu nimeubeba tangu 2014. Leo nautua.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Masasi. Mwaka ule Microsoft iliacha kuitunza Windows XP kuanzia tarehe 8 Aprili, nami nikaona nafasi yangu imefika. Nilikuwa shabiki wa Linux, mfumo wa kompyuta wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, na wa programu huria tangu niliposikia habari za Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikapanda Newala kwa mama mmoja mwenye duka la mabati na saruji. Kompyuta yake ilijaa virusi.

"Mama, hii Linux ni bure, na virusi havitakusumbua tena."

"Mwanangu, wewe ndiye unayejua."

Neno hilo lilipaswa kunitisha. Likanivimbisha kichwa.

Karani wake sikumwuliza hata swali moja. Nilifuta kila kitu, nikapiga Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, mauzo na madeni nikayahamishia kwenye jedwali. Programu ya stoo ilikuwa ya Windows tu. Nikamwambia karani atazoea, nikashuka zangu Masasi.

Msimu wa korosho ukafika. Pesa za wakulima zilipoingia, watu wakafurika dukani kutaka mabati, na printa ikagoma. Karani akamwita kijana wa steshenari ya jirani. Akatazama kioo, akasema ugonjwa huu yeye haujui. Mimi nilikuwa msibani kijijini, simu haishiki mtandao. Siku mbili waliandika risiti kwa mkono, na madeni ya wateja kadhaa yakapotelea kwenye vikaratasi. Nilipofika, kabla hata sijakaa, nilimgombeza karani mbele ya wateja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilidhani nashindanisha bure na ghali. Kumbe Windows ya mama nayo ilikuwa ya kunakili kwenye flashi. Hakuwahi kuilipia hata shilingi. Ilikuwa bure kwa bure, na ya kwangu ndiyo iliyomgharimu: fundi wake mmoja tu, naye yuko bondeni. Ile ya zamani karani aliisoma chuoni, programu ya stoo iliandikwa kwa ajili yake, na kila steshenari ina kijana wa kuitibu. Kampuni zinazolipia leseni kwa mamilioni nazo hununua hicho hicho: mtu wa kumwita mambo yakiharibika.

Na simu ya Android aliyokuwa akinitafutia mama siku zile, ndani yake mna Linux. Aliizoea mwenyewe, bila mahubiri yangu.

Nilimrudishia Windows. Karani nilikwenda kumwomba radhi baada ya msimu, nikakuta ameshaacha kazi. Siku ile ya kurudisha, mama alinipa nauli ya kushukia Masasi. Nikaipokea.