Chuma Ndani ya Ukuta

Dominika ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka Bukavu, na nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba ikapata ufa toka dirishani hadi msingini. Mdogo wangu, ambaye ni mwashi, aliniambia: «Kaka, ukuta huu unaelekea bondeni. Tuufunge kwanza.» Nilihesabu gharama, nikamwamuru apake saruji na rangi. Mvua ziliporudi, ufa nao ulirudi. Nikamlaumu mbele ya watu kwamba kazi yake ni mbovu. Tukaishi miaka mitatu bila kusalimiana, ingawa kila Dominika tulipokea Komunyo katika kanisa moja.

Kisha nilijaliwa kuhiji Assisi, mji wa kale wa Italia uliojengwa kwa mawe kwenye mteremko wa mlima Subasio. Nilijua habari za Mtakatifu Fransisko: jinsi alivyosikia, mbele ya msalaba wa San Damiano, agizo la kuitengeneza nyumba ya Bwana iliyokuwa ikibomoka, akaomba mawe mjini na kuyabeba mwenyewe. Nilijua pia kwamba tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko liliangusha sehemu za dari ya basilika yake, watu 4 wakafa humo.

Lakini kilichonigusa ni nyumba ya kawaida kichochoroni, iliyokuwa ikitengenezwa. Mafundi walipitisha chuma kirefu toka ukuta mmoja hadi ule unaoukabili, wakakikaza kwa bamba upande wa nje. Nilipoinua macho, niliona mabamba kama hayo kwenye nyumba nyingi za zamani. Hakuna aliyeona haya kuyaonyesha.

Nilisimama pale, nikamkumbuka mdogo wangu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi niliuziba, ila kwa rangi. Kuta zinazoachana haziponi kwa kupakwa. Sharti zishikane, na chuma hakiwezi kushika upande mmoja tu.

Jioni niliyorudi Bukavu nilibisha mlangoni kwake, nikamwambia: «Ndugu yangu, kosa lilikuwa langu.» Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza: «Chuma chenyewe kilikuwa na unene gani?»

Vijana wapendwa, leo ukuta wa baba umefungwa, na bamba lake laonekana toka barabarani. Je, katika nyumba yako, ni ufa gani umeupaka rangi?