Sauti Iliyo Ndani ya Ukurasa

Mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha madarasa ya mwanzo huzoezwa mapema kutengeneza kadi za herufi, chati za silabi, vihesabio vya vijiti na picha za kubandika ukutani. Zana hizo ni njema, nasi hatuna nia ya kuzipunguzia hadhi. Lakini karibu zote ni zana za macho. Sikio huachiwa sauti ya mwalimu peke yake, na sauti hiyo ikichoka, au ikiwa yenyewe ina upungufu, mtoto hana pengine pa kukimbilia. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia zana moja ya masikio ambayo wanachuo wengi wanayo mikononi bila ya kuitambua, nayo ni sauti iliyowekwa ndani ya ukurasa wa wavuti, ikachezwa na kivinjari chenyewe bila ya kuhitaji programu nyingine.

Tumelifikiria jambo hili hasa kwa sababu ya safari zetu za kuwaangalia wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika kata ya Keza, wilayani Ngara. Mtoto wa huko hujia shuleni na Kishubi au Kihangaza mdomoni, na wako wanaozungumza Kirundi nyumbani. Lugha hizi ni ndugu wa Kiswahili, na undugu huo humsaidia sana mtoto kuielewa lugha ya shule. Lakini undugu una mitego yake. Watoto wengi wa huku huchanganya sauti ya l na sauti ya r, kwa kuwa lugha ya nyumbani haikuwalazimisha kuzitofautisha kama Kiswahili kinavyolazimisha. Mtoto aliyeandika kwamba baba yake alinunua karamu dukani hakukosa akili, aliandika alichokisikia. Vivyo hivyo mahali hugeuka mahari, na kula hugeuka kura. Mwalimu asiyefahamu chanzo chake hupiga mstari mwekundu, na mtoto huanza kuamini kwamba kusoma si kazi yake. Hapo ndipo tunapoona uzito wa suala hili, kwani katika mafunzo ya KKK herufi hufundishwa kwa sauti yake, na sauti isiyosikika sawasawa haiwezi kuandikwa sawasawa.

Ni kweli kwamba mwalimu anaweza kuzitamka sauti hizo yeye mwenyewe. Tunamshauri afanye hivyo kila siku. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 90 mbele yake, anapotamka neno mara ya ishirini, halitamki tena kama alivyolitamka mara ya kwanza. Na tuseme wazi: baadhi ya walimu wenyewe, wakiwemo walio hodari sana, wamelelewa katika lugha zenye mchanganyiko ule ule.

Mafunzo kwa njia ya sauti si mageni nchini mwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, wakasikiliza, wakajadiliana, wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Shule nazo zilikuwa na vipindi vyake vya redio. Ngara yenyewe ina Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, wakati wilaya ilipokuwa imejaa watu waliokimbia vita. Kwa hiyo sikio la mtu wa Ngara limezoea kujifunza. Ila redio ina tabia moja isiyomfaa mtoto wa darasa la kwanza: haimngoji. Neno likishapita limepita, na kipindi kikirushwa saa nne wakati darasa liko shambani, basi tena. Kanda ya kaseti ilitibu ugonjwa huo kwa sehemu, lakini waliopata kurudisha kanda nyuma kutafuta neno moja, huku darasa zima likisubiri na kelele zikipanda, wanajua ni subira ya namna gani iliyohitajika.

Tuje sasa kwenye kivinjari, yaani ile programu ya simu au kompyuta inayofungua kurasa za wavuti, kama vile Chrome, Firefox na Safari. Kurasa hizo zilizaliwa bubu. Mwanzoni zilikuwa maandishi tu. Picha ziliingia kati ya maandishi mwaka 1993 kwa kivinjari cha Mosaic. Sauti ilichelewa zaidi, na ilipokuja ilikuja kama mgeni. Mwaka 1995 ilitokea programu ya RealAudio, ambayo mtumiaji alipaswa kuitafuta na kuipachika mwenyewe. Baadaye ikaenea Flash, nayo pia ni programu ya kupachika. Ukurasa ulikuwa kama nyumba iliyokodi msemaji: siku msemaji asipofika, nyumba iko kimya.

Mabadiliko yaliletwa na toleo la tano la HTML, lugha inayotumika kuandikia kurasa. Ndani yake sauti ilipewa alama yake yenyewe, sawa na picha. Firefox iliipokea alama hiyo katika toleo lake la 3.5 mwezi wa Juni 2009, na Internet Explorer, ambayo ndiyo iliyokuwa katika kompyuta nyingi za ofisini, ikaipokea mwezi wa Machi 2011 katika toleo lake la 9. Mwezi wa Oktoba 2014 shirika la W3C likaithibitisha HTML5 kuwa kanuni rasmi.

Hata hivyo kulikuwa na ugomvi, nao unastahili kuelezwa kwa sababu unamhusu mwalimu maskini kuliko anavyodhani. Alama ilikubaliwa, lakini mtindo wa kuhifadhi sauti haukukubaliwa. Rasimu ya mwanzo ilipendekeza mtindo wa Ogg Vorbis, ulio huru kwa kila mtu; mwishoni mwa mwaka 2007 pendekezo hilo likaondolewa baada ya makampuni kadhaa kulipinga. MP3 ilikuwa imeenea zaidi, lakini ilikuwa chini ya hataza, na watengenezaji wa programu walidaiwa ada. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Firefox ilicheza Ogg na ikakataa MP3, na Safari ikafanya kinyume chake, naye mwandishi wa ukurasa akalazimika kuweka nakala mbili za sauti ile ile. Polepole vivinjari vililegeza misimamo yao, na mwezi wa Aprili 2017 Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoshiriki kuivumbua MP3, ikatangaza kufunga mpango wake wa leseni za hataza hizo. Leo MP3 huchezwa na vivinjari vyote vikuu, wala hapana anayedaiwa senti.

Wanachuo wanaweza kuuliza, yote haya yanatuhusu nini sisi wa chaki? Tutajibu kwa kisa. Shule moja tuliyoitembelea ilikuwa imepewa, miaka mingi nyuma, sidii za masomo ya matamshi. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa sehemu zile zile, aliyesoma jozi za maneno kwa utulivu mkubwa: kalamu, karamu, mahali, mahari, hali, hari. Walimu wa pale walimsifu sana, na wakatuambia kwamba amekwisha fariki. Tulipoomba kumsikia, kompyuta ilifunguliwa, ukurasa ukatokea na picha zake na maandishi yake, lakini mahali pa sauti palikuwa na kisanduku kitupu. Waliotengeneza sidii zile walikuwa wamemfungia mzee yule ndani ya Flash. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kufungua kazi zilizotengenezwa kwayo. Hakuna aliyekuja Keza kumwambia mwalimu mkuu. Siku moja aliibonyeza, ikanyamaza.

Tulizichukua sidii zile kwa ruhusa ya shule, tukampelekea kijana mmoja fundi wa kompyuta. Alipolifungua faili kwa vyombo vyake alikuta kwamba sauti yenyewe ilikuwa nzima, imehifadhiwa humo kwa mtindo wa MP3, haina hata mkwaruzo. Ilichukua alasiri moja kuitoa. Tuliposikia neno la kwanza likitamkwa, mwalimu mkuu alitoka nje, akakaa huko kwa muda. Alikuwa mwanafunzi wake.

Sasa sauti ile iko katika ukurasa mtupu tulioutengeneza pamoja na wanachuo, na kazi yake haikuzidi mistari michache. Katika ukurasa, mwalimu huandika neno audio ndani ya mabano ya pembe, akalifuatisha na neno controls, kisha src, alama ya sawasawa, na jina la faili ndani ya alama za mtajo. Halafu hufunga kwa neno audio hilo hilo, likitanguliwa na mkwaju, ndani ya mabano mengine ya pembe. Maneno hayo ni ya Kiingereza na lazima yabaki hivyo, kwa kuwa kivinjari hakijui mengine. Neno controls ndilo linaloleta kitufe cha kuchezea na mstari wa kuonyesha sauti imefika wapi; likisahauliwa, hakuna kitakachoonekana. Ukurasa huhifadhiwa kwa jina linaloishia na .html, ndani ya folda moja na faili la sauti. Ukiufungua katika kompyuta, unasema, hata kama mtandao haupo. Katika simu na vishikwambi, pamoja na vile vya Sensa ya mwaka 2022 vilivyogawiwa kwa walimu, mfumo wa usalama pengine huuzuia ukurasa usilione faili la jirani yake. Hapo fundi anaweza kuifuma sauti ndani ya ukurasa wenyewe, ingawa ukubwa wake utaongezeka kwa kama theluthi moja.

Jambo lililotufurahisha kuliko yote ni kwamba mwalimu anaweza kumwonyesha mtoto neno moja tu ndani ya rekodi ndefu. Akiongeza alama ya reli, herufi t, alama ya sawasawa na sekunde mbili zilizotenganishwa kwa mkato baada ya jina la faili, kwa mfano #t=12,15, kivinjari kitaanza sekunde ya 12 na kusimama ya 15. Wenye kukumbuka kaseti watatuelewa.

Darasani tuliwashauri wanachuo wafanye hivi. Vitabu vifungwe. Neno lichezwe mara mbili bila ya maelezo, watoto wanyooshe mkono wa kulia wakisikia l, wa kushoto wakisikia r. Makosa ya mwanzo yaachwe yapite. Ndipo neno lichezwe tena, mwalimu aonyeshe ncha ya ulimi inavyokaa, na watoto walitamke. Kuandika kuje mwisho kabisa. Mwanachuo mmoja alitulalamikia kwamba alitaka sauti ianze yenyewe ukurasa unapofunguka, lakini kivinjari kikamkatalia. Tangu mwaka 2018 Chrome huzuia sauti isiyobonyezwa na mtu, kwa sababu ya matangazo yaliyokuwa yakiwapigia watu kelele. Sisi tunaona kizuizi hicho kimemfaa mwalimu bila ya kukusudiwa: sauti haianzi mpaka darasa limenyamaza na kidole chake kimeamua.

Gharama nayo itazamwe. Sauti isiyobanwa, ya kiwango cha sidii, huchukua zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika moja. Sauti hiyo hiyo ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kilobaiti 480, na kwa maneno matupu sikio la darasani halitaona upungufu wa maana. Ukurasa ukiwekwa mtandaoni, mwalimu aongeze preload kwa thamani ya none, ili simu isianze kuivuta sauti kabla ya kubonyezwa. Vinginevyo kifurushi chake kitaliwa na masomo ambayo hakuyafungua. Kipaza sauti cha simu hakitoshi kwa watoto 90. Hilo halina njia ya mkato: spika ndogo ya kuchajiwa inahitajika, au darasa ligawanywe makundi.

Kuhusu nani arekodiwe, tunatofautiana na wenzetu wanaotaka sauti za watangazaji wa Dar es Salaam. Kiswahili cha watangazaji ni kizuri, lakini mtoto wa Keza anayesikia r safi na l safi kutoka kwa mtu wa Keza huelewa kwamba ulimi wa kwao unaweza. Ndiyo maana tuliipigania sauti ya yule mzee. Jozi zake, hata hivyo, zinaishia kwenye l na r. Sauti za dh, th na gh hakuzisoma, na muhula ujao wanachuo watakaopangiwa Keza watatafuta mtu mwingine wa huko wa kuzisoma, wamwombe ruhusa yake, na watunze nakala za MP3 mahali pawili, shuleni na chuoni, mbali na ukurasa wowote.