Kikapu Kisirudi Kitupu

Katika mtaa wa Huruma, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, ambako majumba ya ghorofa yamesongamana hata jua halipati pa kupenya, akaa mwanamke mmoja mzaliwa wa Kilifi. Kila baada ya miezi michache mamaye mzee humpelekea kikapu cha nazi kwa basi. Miaka mitatu kikapu kilirudi kitupu, naye hakuwa na nauli ya kukifuata. Jambo hilo lilimtia haya, maana kwao chombo cha mtu hakirudishwi hivi hivi.

Jirani yake, aliyepata kuwa mpishi katika nyumba ya Waaustralia, alimfundisha kupika biskuti za oti na nazi. Wenyewe huziita Anzac, kwa jina la majeshi ya Australia na New Zealand yaliyoshuka Gallipoli tarehe 25 Aprili 1915. Hazitiwi mayai, nazo hustahimili safari. Oti ni nafaka ambayo wakulima wengi wa Nyandarua huwalisha ng'ombe. Lakini zile za dukani, za kupikia uji, si rahisi. Badala ya shira ya kizungu aliyeyusha sukari guru pamoja na siagi, akatia magadi soda yaliyokorogwa kwa maji ya moto, mchanganyiko ukafura povu.

Mara ya kwanza ziliharibika. Nazi ilikunwa ikatiwa mbichi, nayo ina maji mengi. Biskuti zikatandaa kama chapati, zikawa teketeke. Fedha za matumizi ya juma zima zikapotea! Mumewe akasema ni afadhali kununua za dukani. Kwa hesabu alisema kweli, lakini za dukani hata Kilifi zipo.

Mara ya pili aliikaanga nazi bila mafuta, kwa moto mdogo, hata ikakauka na kunukia. Tanuri hakuwa nayo. Alitandaza mchanga katika sufuria kubwa, akaweka juu yake sahani ya bati yenye biskuti, akafunika, kisha akapanga makaa juu ya mfuniko, kama wafanyavyo watu wa pwani. Kazi hiyo aliifanya nje kwenye ujia, kwa kuwa hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua.

Kikapu kilisafiri jioni. Kesho yake simu ikalia.

“Zimeungua kidogo chini, mwanangu,” akasema mama mzee, “lakini nimezichovya katika chai. Na wewe mwenyewe, waja lini?”