Barua Ilikuwepo

Muhula uliopita nilimwandikia mhadhiri wetu kwamba mwenzetu mmoja hakuleta sehemu yake ya kazi ya kikundi. Jina lake likatolewa kwenye jalada, na koswek zilipobandikwa akakuta sifuri kwenye kazi hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, tulikuwa watu sita, na nilichokisema nilikiamini kabisa. Nilikuwa nimetafuta kwenye imeili yangu maneno "kazi ya kikundi", nikakosa chochote kutoka kwake.

Yeye alisema ametuma. Alinifuata mpaka kwenye vimbweta, akanionyesha simu yake. Nikaona kichwa cha barua kimeandikwa "Re: Ratiba ya semina". Nikamwambia, "Dada, hii ni ya ratiba, mimi nataka kazi." Sikufungua. Akaondoka bila kugombana, na kwenye grupu letu la WhatsApp akanyamaza. Sisi tukasema amekosa la kujibu.

Sasa, mimi nasoma ualimu, na muhula huohuo nilikuwa nimechukua kozi ya kompyuta. Tukapewa zoezi: kila mtu apakue sanduku lake la imeili, kisha aandike programu ndogo ya Python ya kupanga upya mazungumzo, ionekane nani alimjibu nani. Nikajua nitamaliza jioni moja.

Imeili zangu zote zilishuka kama faili moja la mbox. Ukilifungua ni maandishi matupu, barua moja baada ya nyingine, kama magunia yaliyopakiwa kwenye lori. Mazungumzo hayamo humo. Yale mafungu ya ujumbe na majibu yake tunayoyaona kwenye simu hupangwa na programu.

Kwanza nilipanga kwa kichwa cha barua, nikiondoa "Re:" za mbele. Vurugu tupu. Barua zote zenye kichwa "Habari", za watu wasiojuana, zikakaa pamoja kama ndugu. Nikajaribu tarehe. Kumbe tarehe huandikwa na kifaa cha mtumaji, na kama saa yake imekosea, jibu linaweza kutangulia swali.

Mwalimu wa kozi akatuelekeza kwenye njia aliyoiandika Jamie Zawinski kwa ajili ya programu ya barua ya Netscape, miaka ya 1990. Kila barua huwa na namba yake ya utambulisho, mstari uitwao Message-ID. Ukibonyeza kujibu, barua yako hubeba namba ya ile unayoijibu kwenye mstari wa In-Reply-To, na mlolongo wa zilizotangulia kwenye mstari wa References. Programu inasoma mistari hiyo na kumuunganisha mtoto na mzazi wake. Kichwa cha barua kinaangaliwa mwishoni, pale namba zinaposhindwa kusema.

Kuna kipengele kimoja nilikiona cha ajabu kidogo. Barua ikimtaja mzazi ambaye hayumo kwenye sanduku, programu haiitupi. Inatengeneza nafasi tupu ya mzazi huyo, halafu inamweka mtoto chini yake. Yaani inakubali kwamba kuna kitu kilikuwepo, hata kama wewe huna tena.

Niliiendesha programu yangu usiku, hosteli, wenzangu wamelala. Katikati ya orodha nikaona nafasi tupu, na chini yake barua moja yenye kiambatisho. Re: Ratiba ya semina. Mtumaji, yeye. Nikafungua. "Samahani nimechelewa, umeme ulikatika. Hii ndiyo sehemu yangu." Kurasa tano.

Mwili uliniisha nguvu.

Nikaanza kuunganisha. Mwanzoni mwa muhula nilikuwa nimewatumia ratiba ya semina. Yeye alipotaka kunitumia kazi, akafungua barua ile ya zamani, akabonyeza kujibu, akaambatisha. Wengi tunafanya hivyo ili tusihangaike kuandika anwani. Mhadhiri hakuwemo kwenye barua ile, kwa hiyo hakupata nakala. Mimi nilikuwa nimeshafuta ratiba yangu, ndiyo ile nafasi tupu. Tena nilikuwa nimeweka kichujio: barua yoyote yenye neno "ratiba" iende kwenye folda yake, isinisumbue. Haikunisumbua kweli.

Nikaangalia muda. Alhamisi, 23:41 +0300, yaani saa tano na dakika arobaini na moja usiku kwa saa zetu. Kwa kuwa nilishajua tarehe ya mtumaji inaweza kukosea, nikaangalia mistari ya Received, ambayo seva hugonga kama mhuri barua inapopita. Dakika ileile. Mwisho wa kukusanya ulikuwa Ijumaa saa nne asubuhi.

Asubuhi nilimtafuta kabla ya kwenda kwa mhadhiri. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za namba na vichujio. Alinisikiliza, halafu akasema, "Mwenyekiti, nilikuonyesha. Hukufungua." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mhadhiri alinitaka niandike barua ya maelezo, niisaini mimi mwenyewe. Niliandika. Kazi yake ikasahihishwa na maksi zikarekebishwa kabla ya UE. Kwenye grupu pia niliandika kosa ni langu, maana kule ndiko tulikomhukumu. Tunasalimiana vizuri. Kazi ya kikundi iliyofuata alikwenda kikundi kingine, na simlaumu.

Wenzangu wa kozi huniuliza programu ile ilinisaidia nini, nami naona aibu kujibu. Ukweli ni kwamba haikuhitajika. Alichokuwa anakiomba pale kwenye vimbweta ni kidole changu kigonge kioo mara moja.

Karibuni naenda mazoezi ya kufundisha. Nitakutana na mwanafunzi atakayejibu swali la pili kwenye nafasi ya swali la tatu, nami nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nataka kabla ya kuweka mkasi nijiulize anajibu swali lipi.

Na wewe unayetuma kazi usiku wa mwisho: anza barua mpya, andika kichwa kinachoeleweka, mnakili mhadhiri. Wewe uliye mwenyekiti wa kikundi, mtu akikuonyesha simu, fungua.